Saa ya babu yabaki nyuma: maswali na majibu

Fundi, shikamoo. Nimerithi saa ya mkono ya marehemu babu. Kile kijimkono cha kurekebishia mwendo kimebaki na kipini kimoja. Kuna mtu ataka kukigandisha kingine kwa supagluu. Nimwachie? (Msomaji, Mji wa Kale)

Marahaba, mwanangu. Usimwachie hata kidogo. Springi iliyo nyembamba kama unywele hupita katikati ya vile vipini viwili, na urefu wake kuanzia hapo ndio unaopanga kasi: ikifupishwa saa hukimbia, ikirefushwa hubaki nyuma. Kipini kimoja kikikatika, springi hukosa kizuizi upande huo. Ndipo saa yako inapochelewa, na ukiilaza inakwenda hivi, ukiisimamisha inakwenda vingine. Gluu ikitambaa hadi kwenye springi, utakuwa umeharibu kitu kigumu zaidi kupatikana kuliko kipini.

Kazi yenyewe ni hii. Daraja linaloshika gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku, hufunguliwa na springi hutengwa kabisa na kijimkono. Kisiki cha kipini husukumwa nje, kisha waya wa shaba ya manjano, uliochongwa kwa tupa ncha ikawa nyembamba, huingizwa na kukazwa hivyo hivyo. Lehemu hapana: dawa yake huleta kutu, na kwa hewa yetu hii ya chumvi kutu haingoji kuitwa. Mwisho hupimwa nafasi, springi ipumue kidogo baina ya vipini, isibanwe.

Kijimkono kikiwa kimevunjika chenyewe, tafuta saa mbovu yenye mashine ya namba ileile. Mara nyingi namba huchapwa chini ya gurudumu la mizani.

Saa yangu kando ya kijimkono ina herufi A na R, si F na S za Kiingereza (kukimbia na kuchelewa). Nikisogeze wapi? Yachelewa dakika tatu kwa siku. (Likoni)

Ni Kifaransa: A ni kukimbiza, R ni kuchelewesha. Kisogeze kidogo mno, upana wa unywele tu, kuelekea A, uisikilize siku nzima, ndipo uguse tena. Kijimkono kikifika mwisho na saa bado yachelewa, kirudishe katikati. Saa hiyo yataka kusafishwa na kutiwa mafuta.

Ghafla yakimbia dakika kumi kwa siku, na sijaigusa. (Kisauni)

Huenda imeshika sumaku, labda ililala karibu na spika. Mizingo ya springi hunatana, ikawa kama imefupishwa. Ikaribishe kwenye dira. Mshale ukicheza, ipeleke ikatolewe sumaku. Kijimkono usikiguse.