Jani la miombo, mkono wa shaba: nawajibu mliouliza

Nafanya kazi ya shaba, shanga na kitambaa hapa Lubumbashi, Katanga, kusini mwa Kongo; huu ni mwaka wangu wa 19 katika kazi hii. Kila Jumamosi vijana huja uani kwangu Katuba, tunawasha mbabula (jiko la makaa), tunagonga waya, tunatunga shanga. Mengi mnayoniandikia ndiyo yale yale wanayoniuliza wao huku wakipuliza makaa, kwa hiyo leo najibu kama vile nanyi mmekaa kwenye viti vya uani.

"Yaya, nashona mikoba na kutengeneza herini. Modeli nazichukua kwenye simu, nabadilisha rangi kidogo. Mteja mmoja aliniambia kazi yangu ni safi, lakini kitu kama hicho angekipata hata Dubai. Niliumia. Nifanye nini ionekane ni kazi ya hapa?" (Dada wa Kampemba)

Mdogo wangu, pole, lakini maneno ya huyo mteja yashike. Simu iweke kando wiki mbili. Chukua daftari na kalamu ya risasi, panda gari utoke nje ya mji, na ukiweza nenda mwezi wa tisa au wa kumi, kabla ya mvua ya kwanza. Utaona jambo ambalo wengi wetu tumelipita tangu utoto bila kusimama. Msitu wa miombo hauchipui kijani. Majani machanga hutoka mekundu, mengine rangi ya mvinyo, mengine rangi ya shaba iliyotoka motoni sasa hivi, kisha ndipo yanageuka kijani. Kwa wenzetu wa Ulaya jani huwa jekundu linapokaribia kufa. La kwetu linazaliwa jekundu. Kwa hilo tu nilitengeneza mkufu wa majani saba ya shaba: ya mwanzo nimeyaacha mekundu, yanayofuata nimeyatia kutu ya kijani kidogo kidogo, hadi la mwisho. Anayeuvaa amevaa Oktoba ya Katanga shingoni, na hilo Dubai hawana.

Kisha tafuta ua la shaba. Kwenye vilima vyenye madini mengi miti inashindwa kuota, kwa sababu shaba ikizidi ardhini ni sumu kwa mimea. Lakini kipo kimmea kidogo, jamaa ya mrehani, ambacho wataalamu wanakiita *Haumaniastrum katangense*. Chenyewe huota papo hapo penye sumu. Watafuta madini walikifuata ili kujua shaba iko wapi, na wanaakiolojia nao wamekitumia kugundua mahali wazee walipoyeyushia shaba zamani. Mimi nikikitazama naona watu wa mji huu. Kila nikikichora mkono unataka kuendelea.

Hata hivyo, kuwa na jani na ua havitoshi. Lazima upate mkono wako. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji ambayo watu waliiita Hangar. Walitoka humo Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Walichora ndege, samaki, nyoka, wanyama wa msituni, vitu vile vile. Lakini Pilipili alijaza nukta nukta, Bela alipaka kwa ncha za vidole, Mwenze alijenga mwili mzima kwa mistari mifupi mifupi iliyolala pamoja. Huwezi kuwachanganya, hata ukisimama mbali. Nukta za Pilipili ndizo zilizonifundisha kutunga shanga, maana ushanga ni nukta. Kwako wewe mshonaji, mshono wa mkono ni mstari. Chora kitu kimoja mara 30, kitu ulichokiona kwa macho yako. Mara kumi za kwanza utakuwa unaiga picha za simu bado. Huko kwenye ishirini na kitu utaona mkono unaanza kurudia jambo lake lenyewe. Hilo ndilo la kushona.

"Nimenunua kikuku cha shaba sokoni, mkono umekuwa kijani. Mama mkwe anasema ni ugonjwa unatoka mwilini. Muuzaji mwingine anasema shaba ni bandia. Nani anasema kweli?" (Msomaji wa Ruashi)

Wote wawili wamekosea, mama. Jasho lina chumvi na asidi kidogo, zinaila shaba, na kinachobaki kwenye ngozi ni chumvi ya shaba yenye rangi ya kijani. Sabuni na maji inatoka. Siku za joto huzidi, na watu wengine jasho lao ni kali kuliko la wengine.

Ukitaka kuzuia, sugua upande wa ndani kwa nta ya nyuki, au paka verni (vanishi) isiyo na rangi. Hata rangi ya kucha ile angavu kama maji inafaa, ila itabanduka na utarudia. Kwenu mafundi nasema hivi: herini iwe ya shaba, lakini kile kindoano kinachopita kwenye sikio kiwe cha fedha au cha inoksi nzuri (chuma kisichoshika kutu). Tundu la sikio ni kidonda kilichopona, msilijaribu.

"Nauza pete na mikufu yenye msalaba wa Katanga. Juzi mteja kutoka Kinshasa aliniuliza kama mimi ni mtu wa kujitenga. Niache kuitengeneza?" (Kijana wa Kamalondo)

Usiache, kaka. Lakini ujue unachokishika.

Umbo lile la msalaba wa shaba ni la zamani sana. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wanaakiolojia walianza kufukua makaburi mwaka 1957. Katika makaburi ya kale zaidi walikuta vikuku, mikufu na minyororo midogo ya shaba iliyofumwa kwa ustadi ambao hadi leo unanitia haya nikitazama kazi yangu. Katika yale ya baadaye wakakuta misalaba, imelazwa pamoja na marehemu. Karne zilivyopita misalaba ikawa midogo na ya kufanana, mpaka ikatumika kama pesa. Maana yake shaba yetu ilikaa kwenye miili ya watu kwanza, ndipo ikaingia biashara. Wewe unayeirudisha shingoni hukuanzisha jambo geni.

Siasa ilikuja juzi tu. Mwaka 1960, Katanga ilipojitenga na Kongo na kujitangaza nchi, ilipewa bendera ya nyekundu, kijani na nyeupe yenye misalaba mitatu. Hapo ndipo watu wanaposhtuka, na wana sababu, kuna familia zilizopoteza watu miaka ile. Mimi nafanya hivi: msalaba mmoja, peke yake, na siuweki kamwe kwenye kitambaa chenye rangi zile tatu. Mmoja ni urithi. Mitatu juu ya rangi zile ni bendera, na hutajua mvaaji atakutana na nani njiani.

Jambo la ufundi pia. Wengi mnakata msalaba kwenye bati jembamba kama karatasi, unakuwa kama wa kanisani uliopinda. Ule wa kale ulimiminwa kwenye kalibu, una mikono minene, na mingi ina mgongo ulioinuka katikati. Upe uzito. Mteja akiushika mkononi aulize mwenyewe hiki ni nini, hapo utamweleza habari za Sanga, na huyo wa Kinshasa ataelewa.

"Nimetengeneza mkufu wa mbao na shanga kwa umbo la lukasa. Mjomba wangu, Muluba wa Kamina, amekasirika. Anasema si kitu cha shingo. Lakini hata mimi baba yangu ni Muluba! Sina haki?" (Msomaji wa Katuba)

Swali hili nimekaa nalo siku nyingi, na najua jibu langu halitakufurahisha lote.

Lukasa, kwa wasioijua, ni ubao wa kushikwa mkononi, umepigiliwa shanga na makombe. Ulikuwa wa chama cha Mbudye katika ufalme wa Baluba. Mtu aliyefundishwa aliupapasa kwa kidole, ushanga baada ya ushanga, akitoa historia ya wafalme, safari, mahali na koo. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuwa mfalme na wakubwa wake. Mstari wa shanga unaweza kuwa njia. Haukuwa pambo. Ulikuwa kumbukumbu, na kuusoma kulitaka miaka ya kujifunza.

Sasa wewe ulinakili picha ya ubao fulani. Je, unajua zile shanga zinasema nini? Mimi sioni kwamba kosa lako ni damu. Una damu ya kutosha. Shida ni kwamba umevaa maneno ya watu ambayo huwezi kuyasoma, na mjomba ameona hivyo ingawa amesema kwa hasira. Mwendee jioni, na kitu mkononi kama inavyotakiwa, umwombe akwambie anachokijua. Huenda akajua kidogo, huenda akajua mengi. Hata kidogo ni chako.

Halafu chukua ile akili ya lukasa, uache sura yake. Msichana mmoja wa darasa langu alikuwa anaolewa. Tulimtungia bibi yake pambo la kifuani la shanga juu ya kitambaa: kundi la shanga za buluu ni Ziwa Tanganyika kule Kalemie, waya mmoja mrefu wa shaba ni reli iliyomleta babu hadi hapa, shanga saba nyeupe ni watoto, moja kati yao imetungwa chini ya kitambaa kwa sababu alifariki mchanga. Siku ya arusi bibi aliweka kidole pale, akaanza kusimulia mwenyewe bila kuulizwa, na watu wakaacha kula. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

"Waya wangu wa shaba unakatika kila nikiukunja mara ya tatu. Nanunua ule uliochomwa, ni rahisi." (Fundi mwanzilishi, Ruashi)

Shaba ikigongwa na kukunjwa inakuwa ngumu, ikizidi inavunjika. Dawa ni moto. Iweke kwenye makaa ya mbabula mpaka iwe nyekundu ya giza, si ya kung'aa, kisha itumbukize majini. Inarudi laini kama mwanzo. Ule weusi unaobaki unatoka kwa limau na chumvi. Rudia kila unaposikia waya unaanza kukubishia mkononi. Kwa vikuku natumia waya wa umeme wa milimita mraba 2,5, kwa kufuma ule wa 1,5, na fuawe yangu ni kipande cha reli.

Lakini waya uliochomwa ili kutoa plastiki yake acha. Kwanza, moshi wa plastiki ile ni sumu, na anayeuvuta mara nyingi ni mtoto aliyetumwa kuchoma. Pili, waya mwingi wa namna hiyo umekatwa kwenye nguzo usiku, na mtaa mzima unalala gizani. Nunua vipande kwa mafundi umeme wanaojulikana, umenye kwa kisu. Ni kazi ya jioni moja, na shaba inatoka safi bila kuchomwa.

"Familia ya bwana arusi inataka ngozi ya chui na manyoya mekundu ya kasuku." (Mshonaji, Kenya ya hapa Lubumbashi)

Kataa kwa heshima. Chui na kasuku wa kijivu wote wako kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi wa kimataifa, kasuku tangu uamuzi wa 2016. Pembe za ndovu vilevile. Chora madoa ya chui kwa mkono juu ya rafia, na manyoya yafanye kwa nyuzi zilizotiwa nyekundu. Hata chifu anatambulika kwa alama, si lazima kwa ngozi yenyewe.

"Malakiti nitajuaje kama ni ya kweli?" (Papa wa Kampemba)

Malakiti ni lile jiwe la kijani lenye shaba. Ishike. Ya kweli ni nzito kuliko unavyotegemea, na ni baridi kwenye shavu. Mistari yake haifanani, mmoja mnene, mwingine kama unywele, rangi inatoka kijani cha mwanga hadi karibu nyeusi. Ya plastiki ni nyepesi na mistari yake imepimwa kama ya daftari. Usiioshe kwa limau wala siki, asidi inaila. Na mwenye kuikata aikate ikiwa na maji, afunge pua na mdomo. Vumbi lile lina shaba, halifai kifuani.

"Kikuku changu nasema dolari 15, wateja wanalia. Sokoni cha kiwandani ni bei ya soda mbili." (Dada wa Kamalondo)

Andika kila kitu kwa siku saba: waya, makaa, limau, verni, usafiri, na saa ulizokaa. Wengi hawaandiki saa. Mimi nilipoandika mara ya kwanza niligundua nilikuwa nauza majani yangu ya shaba chini ya bei ya makaa na tiketi ya basi. Ukipata hesabu, usishuke chini yake. Tengeneza pia kitu kidogo, jani moja kwenye uzi, kwa asiye na uwezo wa kikuku.

Na mteja akija, usianze na bei. Mpe kikuku akivae, mwambie ni jani la mti gani na ulilionea wapi. Kisha taja hiyo 15, unyamaze, umwache akigeuzegeuze mkononi.