Kasi kila siku au kilomita nyingi taratibu? Jibu kwa kijana wa mita 1500

Mdogo wangu, umeuliza kama ubaki na kocha anayewakimbiza kasi kila siku au uhamie kundi la kilomita nyingi taratibu. Nimepitia kote kuwili, kwa hiyo vumilia urefu.

Hakuna mtindo wa kubeza hapo. Emil Zátopek, mkimbiaji wa Chekoslovakia, alijijenga kwa kurudia mita 400 mara nyingi mno, na Helsinki 1952 akabeba dhahabu za 5000, 10,000 na marathoni. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand aliwapa vijana wake kama kilomita 160 kwa wiki, hata Peter Snell aliyekuwa wa mita 800. Roma 1960, Snell na Murray Halberg wakachukua dhahabu siku moja. Balaa linaanza mwili unapopewa dozi ya aina moja na kunyimwa muda wa kujijenga.

Shuleni kwetu Mbulu mwalimu alikuwa wa kasi tu. Mita 400 kwa saa ya mkononi, Jumatatu hadi Ijumaa, na fimbo kwa wa mwisho. Muda wetu ulishuka haraka, hilo silikani. Pumzi na misuli huitikia ndani ya wiki chache. Mifupa huchukua miezi. Ndiyo maana mtu anajiona yuko fiti kabisa huku muundi unapata ufa. Wenzangu walianza kuchechemea mmoja mmoja, wakaambiwa ni wavivu.

Kichwani ndiko kulikoharibika zaidi. Kipindi cha mwisho darasani tumbo linasokota, maana unajua uwanjani kuna nini. Tulikuwa tunamkimbia mwalimu, wala si kushindana. Shule ilipoisha, fimbo nayo ikaisha, na vijana wenye vipaji kunizidi hawakuvaa viatu vya mbio tena. Hilo linaniuma mpaka leo.

Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya, nilikuta mambo mengine. Asubuhi ya mazoezi mepesi, watu wenye majina makubwa wanaanza kwa mwendo ambao hata mtoto wa shule mwenye begi anawafuata, wanapiga stori, vumbi jekundu limewatanda miguuni. Hakuna anayempita mwenzake kujionyesha. Mwendo huo ndio unaoupa moyo nguvu ya kusukuma damu nyingi kwa kila pigo na kuongeza mishipa midogo ndani ya misuli. Kisha Alhamisi inakuja fatleki: dakika moja kali, moja nyepesi, kundi zima juu ya vilima vya udongo, mita 2,400 juu ya bahari. Pale hakuna huruma. Lakini unaingia ukiwa na miguu mipya na hamu, na ukiachwa unaendelea kivyako bila kutukanwa. Nililala usingizi mzito kuliko miaka yote ya shule, na mbio zikaanza kunipa furaha.

Kwa hiyo mimi ningechagua kundi linalojua kwenda taratibu, mradi lina siku mbili za kasi kwa wiki. Mtu wa 1500 hawezi kuishi kwa kilomita peke yake. Na mchunguze kocha kabla ya programu yake: mwanariadha akisema anaumwa, anajibiwa nini?

Kama kundi lenu lina wasichana, msichana akikosa hedhi miezi kadhaa asipongezwe kwamba amekuwa mwepesi. Mara nyingi chakula hakitoshelezi mazoezi, na mifupa yake inadhoofika. Aonane na daktari.

Wewe mwenyewe, ukiumwa muundi, ubonyeze kwa kidole. Maumivu yaliyosambaa kwenye msuli ni jambo moja. Yakiwa nukta moja juu ya mfupa, acha kukimbia siku hiyohiyo uende hospitali. Mweleze daktari kwamba unakimbia, kwa sababu ufa mdogo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki za mwanzo, na kijana akionyeshwa picha safi anarudi uwanjani kuumalizia mfupa.