Kufuatilia kamisheni za mawakala bila gharama kubwa

Ndugu yangu, umeuliza programu ya bei nafuu ya kufuatilia mawakala wanaokuletea wageni wa ziara za viungo Kizimbani, Zanzibar. Wakiwa wachache, usilipie kitu bado. Mpe kila mmoja msimbo wake wa punguzo, uandike kwenye jedwali. Mimi naamini msimbo kuliko linki ya wakala: mgeni hubonyeza kwa simu yuko Paje, kisha huagiza kwa WhatsApp au kompyuta ya hoteli, na kuki (faili dogo kwenye kivinjari linalokumbuka linki aliyobonyeza) haimfuati huko. Kivinjari cha Safari nacho hufuta kuki zinazowekwa na skripti za ukurasa baada ya siku 7.

Tovuti ikiwa ya WordPress, tazama AffiliateWP, programu-jalizi ya kufuatilia mawakala, hulipiwa kwa mwaka. Programu zinazotoza kwa kila mbofyo ziache kabisa. Na tafadhali, kamisheni isitoke kabla ziara haijafanyika, wageni hughairi.