Kadi ya mtandao kukatika wakati wa kunakili mafaili makubwa

Ndugu yangu, umeeleza kwamba kompyuta yako ya Linux hapo Lamu hupoteza mtandao kila unaponakili video kwenda kwenye seva, na kwamba mtandao haurudi mpaka uiwashe upya. Kadi mpya usiinunue bado.

Anza na waya. Endesha amri ethtool -S, inayoonyesha takwimu za kadi, ikifuatiwa na jina ambalo Linux imeipa kadi yako (kama eth0), kabla na baada ya kunakili, ukalinganishe hesabu za makosa ya CRC, yaani pakiti za data zilizofika zikiwa zimeharibika. Zikiwa zinapanda, data inaharibika njiani, na kwa pwani yetu mimi hushuku kwanza hewa ya chumvi, ambayo hula vichwa vya waya na matundu yake hata pale ambapo kwa macho huoni kutu. Badilisha waya, kisha jaribu tundu jingine la swichi.

Hesabu hizo zisipobadilika, soma dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux), mara tu mtandao unapokatika, kabla ya kuzima mashine. Ukikuta maneno NETDEV WATCHDOG, foleni ya kutuma pakiti imekwama, na hapo shaka huelekea zaidi kwenye draiva (programu inayoendesha kadi) au kadi yenyewe. Sasisha kerneli, kisha zima kwa majaribio kazi ya kugawa pakiti ambayo kadi hufanya kwa niaba ya prosesa, kwa ethtool -K, jina la kadi, halafu tso off. Prosesa italemewa kidogo, lakini kadi nyingi za bei nafuu hutulia. Joto nalo lipime: fungua kasha, elekeza feni kwenye kadi, unakili tena faili lile lile.

Tafadhali tuwekee hapa mistari ya dmesg pamoja na jina la chipu ya kadi.