Kabla hujapeleka udongo kupimwa umri wa kaboni

Mara ya kwanza nilichota udongo kwenye shamba la mahindi huko Usambara, mahali ambapo wazee wanakumbuka palikuwa msitu. Nikaukausha, nikauchekecha, nikaupeleka vilevile. Jibu likarudi: namba moja. Nilihangaika nayo wiki nzima. Ndani ya mfuko ule mlikuwa na mizizi ya msimu uliopita, mkaa wa miti iliyochomwa wakati wa kufyeka, na kaboni iliyong'ang'ania chembe za mfinyanzi kwa miaka mingi sana. Wastani wa vyote hivyo haukuwa umri wa hata kimoja.

Kwa hiyo, tenganisha kwanza. Okota mizizi kwa kibano, hata ikikuchukua siku mbili. Kisha tia udongo kwenye maji mazito ya sodiamu politungsteti, yenye uzito wa gramu 1.6 hivi kwa sentimita moja ya ujazo. Yanayoelea ni mabaki ya mimea. Kinachozama ni kaboni iliyoshikamana na madini. Pima kila fungu peke yake. Ukiona kilichoelea kimetoka kizee kuliko kilichozama, shuku mkaa. Na kama udongo wako una chokaa, itoe kwanza kwa asidi.

Usianze na kaboni-14, ile kaboni yenye mionzi inayotoa umri; ni ghali. Pale msitu ulipogeuzwa shamba la mahindi, kaboni-13, kaboni nzito kidogo isiyo na mionzi, inakusaidia kwa bei nafuu, kwa sababu mahindi huinasa kaboni kwa njia tofauti na miti. Miti huacha alama (yaani tofauti ya kaboni-13 na kipimo cha kimataifa) ya karibu −27 kwa elfu, mahindi karibu −12. Udongo wa shamba ukisoma −21, umesogea hatua 6 kati ya 15: asilimia 40 ya kaboni yake imetoka kwenye mahindi, iliyobaki ni ya msitu. Lakini lazima uchimbe pia kwenye msitu jirani, mteremko uleule, kina kilekile, kwa kuwa alama hubadilika kidogo kadiri unavyoshuka hata pasipolimwa.

Sasa kaboni-14. Hupungua nusu kila miaka 5,730, ndiyo maana inafaa kwa tabaka za chini. Tabaka la juu lina habari nyingine: majaribio ya mabomu ya nyuklia yalikaribia kuiongeza maradufu katika hewa ya kaskazini mwa dunia katikati ya miaka ya 1960, na huku kwetu ikapanda pia. Jibu likivuka kiwango cha mwaka 1950, ambacho maabara hulinganishia, maabara haijakosea. Kaboni hiyo imeingia udongoni baada ya mabomu.

La mwisho, na hili naliomba kwa moyo wote: uliza historia ya chumba unachokaushia sampuli. Kama kuna mtu aliwahi kutumia humo kaboni-14 ya kutia alama kwenye majaribio, hata miaka mingi nyuma, usiweke udongo wako kwenye tanuri la humo wala usiazime mizani ya humo: masalio kidogo tu yanaweza kuharibu jibu lako.