Maswali na majibu: Mbunge aliyeniajiri ananisumbua kingono, nimshtaki wapi?

SWALI

Habari za kazi, Wakili. Mimi ni msaidizi wa mbunge hapa Kampala. Aliniajiri kwa mdomo, sina mkataba wa maandishi, na mshahara ananitumia kwa simu. Miezi ya karibuni amekuwa akiniandikia usiku maneno ya mapenzi. Tulipokwenda Gulu kikazi nilikuta amelipia chumba kimoja cha hoteli, eti bajeti ni ndogo. Nilikataa, nikaenda kulala kwa shangazi yangu. Asubuhi akaniambia Kampala imejaa vijana wenye digrii wanaotafuta kazi. Rafiki yangu aliyeajiriwa na Tume ya Bunge ananishauri niende kwa Spika. Mwingine anasema nisijisumbue, mbunge ana kinga. Nifanye nini?

Msaidizi, Kampala

JIBU

Dada yangu, pole sana, na ulifanya vyema kuondoka hotelini usiku ule.

Nianze na hilo la kinga, maana ndilo linalowafunga watu midomo. Ibara ya 97 ya Katiba inawapa wabunge kinga zilizowekwa na sheria ili wafanye kazi za Bunge bila hofu: wazungumze ukumbini, wahoji mawaziri, waseme yasiyopendwa. Meseji za saa sita usiku na chumba cha hoteli Gulu si shughuli za Bunge. Juni 2024 wabunge 3 walipandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kupambana na Rushwa wakiwa bado na viti vyao. Mbunge anashtakika kama raia mwingine yeyote. Na akihukumiwa kifungo kinachozidi miezi 9 bila nafasi ya kulipa faini, Katiba inamwondolea sifa ya kuwa mbunge.

Sasa tuje kwenye swali ambalo hukuliuliza, na ndilo linaloamua uanzie wapi: mwajiri wako ni nani? Rafiki yako ana mwajiri tofauti na wako. Yeye ni mtumishi wa Tume ya Bunge, ana barua ya ajira na wakubwa wanaomsimamia, na akisumbuliwa, hata na mbunge, anapeleka malalamiko ndani ya utumishi wa Bunge chini ya Karani wa Bunge. Wewe, kwa maelezo yako, umeajiriwa na mbunge mwenyewe. Anayekusumbua ndiye anayekulipa, na ndiye ambaye kwa kawaida ungemlalamikia. Ndiyo maana wasaidizi wengi huona hawana pa kwenda.

Pa kwenda papo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inapiga marufuku mwajiri au mwakilishi wake kumtaka mfanyakazi kingono, iwe kwa ahadi ya upendeleo au kwa kitisho kuhusu kazi yake. Inahesabu pia maneno ya kingono, yaliyosemwa au kuandikwa, picha za namna hiyo, na kumshika mtu mwili. Kile kitisho cha “vijana wenye digrii” kimo humo ndani. Sheria hiyo haichagui jinsia, kwa hiyo na ndugu zetu wa kiume wanaofanya kazi hizi wanalindwa.

Hapa watu huchanganya jambo moja, hata mawakili. Wanasema sheria hii inawabana waajiri wenye wafanyakazi zaidi ya 25 tu, na mbunge ana wasaidizi wawili watatu. Si hivyo. Idadi ya 25 inahusu wajibu wa kuweka hatua za kuzuia unyanyasaji, yaani sera na utaratibu wa kupokea malalamiko, ambao Kanuni za mwaka 2012 zimeufafanua. Katazo lenyewe halina idadi. Hata mwenye mfanyakazi mmoja linamgusa. (Ukisoma sheria mwenyewe, tumia toleo jipya la sheria zetu, namba za vifungu zimebadilika.)

Kukosa karatasi nako kusikutishe. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Sheria ilimtaka yeye akupe maelezo ya ajira kwa maandishi ndani ya wiki 12, na asipofanya hivyo kosa ni lake. Unachohitaji ni kuthibitisha kwamba umemfanyia kazi, na simu yako inayo hayo. Omba kampuni ya simu ikupe taarifa ya miamala ya miezi yote aliyokulipa. Kiasi kilekile, kutoka namba ileile, kila mwisho wa mwezi, ni ushahidi ambao Afisa wa Kazi, yaani afisa wa serikali anayepokea malalamiko ya wafanyakazi, hawezi kuupuuza. Ongeza hotuba ulizomwandikia na ujumbe aliokuagiza kazi.

Meseji za usiku usizifute hata kama kuziona kunakuumiza. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba yake, tarehe na saa, kisha zitume kwenye barua pepe yako binafsi, kamwe si ile ya ofisi. Simu yenyewe itunze, kwa sababu wakili wake atadai picha zimechezewa. Kuhusu Gulu, andika leo hii ukiwa bado unakumbuka: mlifika saa ngapi, nani wa mapokezi alikuambia chumba ni kimoja, mbunge alisema nini kwa maneno yake yaleyale na kwa lugha aliyotumia, ulimpigia shangazi saa ngapi. Shangazi ni shahidi. Hakuona kitu, lakini alikufungulia mlango usiku na akasikia sababu kabla wewe hujawaza kesi yoyote.

Ukishakuwa na hayo, nenda kwa Afisa wa Kazi. Kwa Kampala ni ofisi ya kazi ya KCCA, mamlaka ya jiji. Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii nayo ina idara ya kazi. Afisa asipolimaliza shauri ndani ya siku 90, unaruhusiwa kulipeleka Mahakama ya Kazi. Ukihitaji wakili na huna fedha, FIDA-Uganda, chama cha mawakili wanawake, hutoa msaada wa kisheria.

Kama amewahi kukushika, hilo ni la polisi. Sheria ya makosa ya jinai inaadhibu kwa hadi miaka 14 jela kosa la kumshika mwanamke kwa aibu. Na ikiwa kuna lililotokea zaidi ya uliyoniandikia, wahi hospitali ndani ya saa 72 kwa dawa za kuzuia VVU, na uombe polisi Fomu 3A ya uchunguzi wa daktari.

Na Spika? Unaweza kumwandikia. Bunge lina Kamati ya Kanuni, Kinga na Nidhamu, na barua yako inakuwa kumbukumbu rasmi. Lakini nisikufiche: mle wabunge wanamjadili mbunge mwenzao, kwa hiyo usiifanye njia yako pekee. Uingereza walilitambua tatizo hili, na mwaka 2018 wakaanzisha utaratibu huru wa malalamiko. Tangu 2020 adhabu nzito hupendekezwa na jopo lisilo na mbunge hata mmoja. Nasi tunauhitaji. Utafiti wa Umoja wa Mabunge Duniani uliotolewa 2021 kuhusu Afrika uliwakuta hata wabunge wanawake wenyewe, asilimia 39 ya waliohojiwa, wamekumbana na ukatili wa kingono kazini. Kama mwenye kiti bungeni anatendewa hivyo, msaidizi asiye na mkataba je? Uganda iliridhia mwaka 2023 Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, unaotaja wanagenzi, wanaojitolea, wanaoomba kazi, na hata safari za kikazi. Kuridhia ni jambo jema, lakini bila sheria ya ndani inayowataja wasaidizi wa wabunge waziwazi, kila mmoja wenu ataendelea kupigana peke yake.

Kwa sasa usiyaweke haya mtandaoni. Atakimbilia kukushtaki kwa kashfa, na nguvu zako zitaishia kujitetea. Usijiuzulu kwa hasira pia kabla hujaongea na wakili, ingawa sheria inakubali kwamba mtu aliyeondoka kwa sababu ya mwenendo usiovumilika wa mwajiri amefukuzwa. Akikuachisha kwa sababu umelalamika, hiyo si sababu halali, na una miezi 3 tangu siku hiyo kupeleka shauri kwa Afisa wa Kazi. Akikuachisha kwa simu, andika tarehe na saa, kisha mtumie ujumbe wa kuuliza kama ulimwelewa vizuri, ili jibu lake libaki kwa maandishi.