Wino kubanduka kwenye chupa: tibu plastiki kwanza

Ndugu yangu, umesema umebadilisha wino mara tatu na bado maandishi yanabanduka kwa ukucha kwenye chupa zako za poliethilini. Acha kununua wino. Tatizo ni plastiki yenyewe: nguvu ya uso wake, yaani uwezo wa kuvuta kimiminika kitandae na kushika, ni kama daini 31 kwa sentimita (daini ni kipimo cha nguvu), na wino mwingi unataka 38 au zaidi. Dondosha maji juu ya chupa uone yanavyojiviringa kama umande kwenye jani la mgimbi.

Hapo ndipo plazma ya hewa ya kawaida, yaani hewa iliyochajiwa kwa umeme, inaposaidia. Umeme wa volti nyingi unaichaji hewa ndani ya bomba dogo, inapulizwa juu ya chupa, na oksijeni inajishika kwenye plastiki. Lile tone la maji sasa linatandaa, na wino nao utashika.

Ila chapa siku hiyohiyo, maana nguvu hiyo hupungua chupa zikikaa, na usizishike kwa mikono mitupu. Weka feni ya kutoa hewa nje. Mashine huzalisha ozoni, nayo inaumiza mapafu. Bei ikikushinda, ndimi za moto wa gesi zinazopitishwa haraka hufanya kazi hiyo pia, na viwanda vya chupa vimezitumia miaka mingi.